Jina Kwenye Shali

Waithira wa Theuri hakushona nguo ya mtoto ambaye hajazaliwa. Mteja akifika kwenye veranda ya duka la vitambaa pale Nyeri mjini, akasema binti yake anatarajia mwezi ujao, Waithira alimtazama kuanzia kilemba hadi viatu.

"Nani amekuambia atakuja salama?"

Mteja akibabaika, alirudishiwa kitambaa chake. "Mlete akishalia."

Watu walizoea. Waliomba msamaha, wakaondoka, wakarudi baada ya mtoto kulia, kwa sababu hapakuwa na mwanamke mwingine kati ya Karatina na Chaka aliyeweza kutia ua la waridi kwenye shali ya mtoto likaonekana kama limeota hapo. Kazi yenyewe ilikuwa ya kutazamwa. Alikuwa akifungua ule mguu mdogo wa chuma unaokandamiza kitambaa, anafunika meno yanayokisukuma, anakibana kitambaa ndani ya mviringo wa mbao mpaka kinakaza kama ngozi ya ngoma. Kisha anakizungusha kwa vidole chini ya sindano huku miguu ikikanyaga cherehani. Hakuchora kwanza kwa penseli. Penseli, alisema, huacha alama, na alama huonyesha mtu alipotaka kwenda kabla hajafika.

Hakuwa na roho mbaya. Alishuku tu. Alishuku uzi mwekundu mpaka aufue na kuuanika juani. Alishuku maziwa yaliyo meupe mno na mchungaji aliye mnene mno. Mtu akimchekea kabla ya kusalimiana, alivuta kiondo chake karibu na miguu.

Alijifunza kushona na kushuku mahali pamoja, katika kile kijiji walichofungiwa na wakoloni miaka ya hali ya hatari, kilichozungukwa na mtaro uliojaa miti iliyochongoka. Bibi mmoja wa misheni alikuja na cherehani ya mkono akawafundisha akina mama kupinda nepi. Na mwanamke mmoja aliyekuwa akiota moto mmoja na Waithira alienda akawaambia walinzi kwamba Theuri, mume wa Waithira, huwapelekea chakula wapiganaji wa msituni. Theuri alirudi kutoka kizuizini na kifua kibovu, akaishi hadi mwaka wa pili wa uhuru. Mwanamke yule hakuwahi kukiri, na Waithira hakuwahi kumuuliza. Waliendelea kuteka maji mto mmoja na kuulizana habari za watoto.

Theuri alimwachia mtoto mmoja, Kingori. Huyo ndiye ambaye Waithira alimsomesha kwa waridi na vipepeo, mpaka akawa karani wa chama cha ushirika, kwanza hapo Nyeri, kisha Murang'a. Huko Murang'a akaoa Ngendo, msichana wa nyumba ya watu wanaojiweza kidogo, wenye kahawa na lori. Ngendo alizaa mvulana kwanza. Mvulana akaitwa Theuri, kama inavyotakiwa, na Waithira akamdarizia shali yenye jina la babu yake kwa uzi wa kijani. Halafu, mwezi wa saba mwaka wa sabini na saba, habari zikaja kwamba Ngendo amezaa tena. Msichana.

Hapa hapakuwa na la kuuliza. Msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba. Wa pili ndiye huchukua jina la mama ya mama. Mwanamke mwenye mabinti na wavulana wengi ana njia nyingi za jina lake kurudi duniani, lakini Waithira alikuwa na Kingori peke yake, na Kingori alikuwa na msichana wa kwanza mmoja tu wa kumpa. Kwa hiyo hakungoja kuambiwa. Alichukua flaneli nyeupe iliyokuwa imekaa kwenye sanduku tangu harusi, akaipinda ukingo kwa lesi, na kwenye kona akadarizi kwa uzi wa waridi jina WAITHIRA, na maua madogo kulizunguka.

"Leo unajishonea mwenyewe," alisema Kagure, mama aliyeuza vitunguu na viazi kwenye ngazi za veranda ileile. "Unajiona ukinyonya?"

"Nyamaza wewe. Utaitia kijicho."

"Kijicho gani, nina majina yangu manne yanakimbia huko Othaya. Mmoja hata ana pua yangu, maskini."

Waithira alienda Murang'a Jumamosi iliyofuata, na uji wa wimbi kwenye kibuyu na shali kwenye kiondo.

Jambo la kwanza aliloliona ni kwamba Kingori hayupo. Jambo la pili ni kwamba Ngendo alipopokea shali, aliitazama pale kwenye jina, akaikunja upesi, jina likiwa ndani, akaiweka juu ya kiti. Mtoto alikuwa amefungwa shali nyingine, ya dukani.

"Asante, mama. Ni nzuri sana."

"Mfunge basi nimwone nayo."

"Amelala. Nikimgusa ataamka."

Mtoto alikuwa macho. Waithira aliyaona macho yenyewe, meusi, yakitazama dari. Alikaa. Ngendo alimletea chai na ndizi zilizochemshwa, akazungumza juu ya baridi, juu ya barabara ya Sagana, juu ya kifua cha Theuri mdogo. Alizungumza mno. Hakutaja jina la mtoto hata mara moja. Alisema "huyu", alisema "mdogo", alisema "mgeni wetu". Waithira alikuwa amekaa na watu wanaoficha kitu kwa miaka mingi kiasi cha kukijua kitu hicho kwa harufu, na hapa nyumba nzima ilinuka.

Ndipo jirani mmoja, mwanamke mchangamfu mwenye sauti kubwa, aliingia bila hodi na kibuyu cha uji kwapani.

"Nimekuja kumwona Kabura wetu! Kabura anaendeleaje?"

Ngendo alitazama chini. Yule jirani aliona mgeni kitini, akaona uso wake, akakumbuka kwamba ameacha chungu motoni.

Kabura ni jina la mama yake Ngendo.

Waithira alimaliza chai yake. Hakumwacha mtu aseme kwamba alikimbia chai. Kisha akainuka, akachukua shali kutoka kitini, akairudisha kwenye kiondo.

"Mama, tafadhali," alisema Ngendo. "Muulize Kingori. Mimi siwezi kusema."

"Huwezi kusema lakini uliweza kufanya. Mwambie mama yako ashibe. Amenifukuza kwa mwanangu bila kuinuka kwake."

Ngendo alifungua mdomo, akaufunga. Machozi yalimlengalenga, na Waithira aliyashuku hayo pia.

Baada ya hapo veranda haikuwa na raha. Wateja walisubiri huku Waithira akikanyaga cherehani kama anayeponda kitu chini ya miguu, akiongea na Kagure bila kugeuka. Walimpa Kingori kitu kwenye chakula. Kwa nini kila akienda kwa wakwe wanamwekea sahani yake peke yake? Na lile lori la baba yake Ngendo, je, si ndilo lililomhamishia vyombo? Mwanamume akibebewa vyombo na baba mkwe, atakuwa na sauti gani kwenye nyumba? Wanamwona yeye ni mama wa kushona nepi. Hawataki msichana wao anyonyeshe jina la veranda.

"Na Kingori mwenyewe?" aliuliza Kagure. "Hajui kusema hapana?"

"Amefungwa mdomo."

"Kingori huyu ninayemjua? Huyu aliyegombana na mwalimu mkuu kwa sababu ya kiatu?"

Kulikuwa na mteja mmoja siku ile ambaye Waithira alimshuku kuliko wote, kwa miaka sasa. Alikuwa mama wa Majengo, mtaa wa Waislamu pale mjini, jina lake Mishi, mwenye leso mbili na hatua za polepole. Kila mara kabla ya sikukuu zao alileta kitambaa kizuri cha gauni la msichana mdogo, mjukuu wake, alisema. Hakubishana bei. Hakutaka jina lidariziwe, maua tu. Na wakati wote Waithira akishona, Mishi alikaa kwenye benchi akiitazama mikono yake, hasa mikono, kama mtu anayeangalia kama atarudishiwa kitu chake. Siku ile alisikiliza maneno yote ya Murang'a bila kuchangia, akachukua gauni lake, akasema, "Pole, mama yangu," akaenda.

"Pole ya nini huyo?" alinong'ona Waithira. "Nani amemwambia nimefiwa?"

Kagure alikuwa akichagua viazi vilivyooza na kuvitupa kando. Alitupa viwili, kisha akaacha mkono hewani.

"Mama Kingori, usinipige."

"Sema."

"Wewe unasema wamekosea. Mimi ninaona kama mtu amehesabu sawasawa kabisa. Jina la mama ya mama ni la msichana wa pili. Kama Kingori mwenyewe amekubali, na si mjinga, na hakulewa..."

"Maliza."

"Kama huyu si wa kwanza, je?"

Waithira alimwambia maneno ambayo hayafai kuandikwa, na Kagure akayapokea yote kwa kutikisa kichwa, kwa kuwa alikuwa ameyatarajia. Lakini cherehani haikuanza tena. Waithira alikaa mkono ukiwa juu ya gurudumu. Shuku yake yote, iliyokuwa imeelekea kusini, Murang'a, kwa wiki nzima, ikawa inageuka polepole kama ng'ombe mkubwa kwenye njia nyembamba, ikamtazama mtu ambaye hakuwahi kumshuku maishani.

Kingori alikuwa akija Nyeri Jumamosi moja moja. Alifika kwa mama yake alasiri, daima alasiri, ingawa basi la Murang'a liliingia kabla ya adhuhuri. Na hakuwa akila. Yeye aliyekuwa akikwangua sufuria ya irio mpaka inalia, alikula vijiko viwili akasema ameshiba. Waithira alikuwa amelifikiria jambo hilo kama ugonjwa wa tumbo. Alimpikia hata supu.

Jumamosi Kingori aliyokuja, mama yake alimwekea sahani mbele, akakaa kumtazama.

"Kula."

"Nimeshiba, mama."

"Umekula wapi?"

"Njiani tu."

Waithira alimshika mkono wa kulia, akaunusa vidole bila aibu, kama alivyokuwa akimnusa utotoni kujua kama ameiba sukari.

"Njia gani hiyo inayopika na bizari na iliki?"

Kingori alicheka kidogo. Kisha akaacha. Mama yake hakuwa ameuachilia mkono.

"Huyo wa kwanza yuko wapi?"

Nje jirani alikuwa akiita kuku.

"Majengo," alisema.

"Tangu lini?"

"Ana miaka mitano. Nilikuwa bado nafanya kazi hapa mjini." Alivuta pumzi. "Mama, unakumbuka nilikuuliza mara moja, kama rafiki yangu akitaka kuoa msichana wa Majengo, nimshauri nini?"

Alikumbuka. Alikumbuka hata alichokuwa akishona. Alikuwa amesema kwamba mtu wa aina hiyo atafute na mama mwingine hukohuko Majengo. Walikuwa wamecheka wote wawili, au yeye alikuwa amecheka.

"Hukuwa na rafiki," alisema.

"Sikuwa."

"Na Ngendo?"

"Nilimwambia kabla sijamwoa. Alipozaa msichana nikamwambia siwezi kuita wawili jina moja, na la kwanza nilishatoa. Akakubali. Nilimwomba asikuambie, nitakuambia mwenyewe." Aliangalia sahani. "Nilikuwa nikitafuta siku."

"Ukaacha nimtukane."

Waithira aliiondoa sahani mbele yake.

Hakumwamini, hata hivyo. Si kabisa. Mwanamume aliyeweza kuficha mtoto miaka mitano angeweza pia kuuziwa mtoto. Hakuwa na shida na Majengo, alijiambia akiteremka huko asubuhi ya Jumatatu. Alikuwa na shida na mtu yeyote anayejua kwamba karani mwenye mshahara anahitaji jina la mama yake litembee. Mtoto yeyote angeweza kuoshwa uso na kuambiwa ajibu hivi na vile. Alipita msikiti, akapita vibanda vya mandazi, akauliza nyumba ya mama yake Chiku, msichana aliyemzalia Kingori. Akaonyeshwa mlango wa buluu. Akabisha.

Aliyefungua alikuwa Mishi.

Walitazamana. Mishi ndiye aliyesogea kwanza, akampisha njia.

"Karibu, Mama Kingori. Nilidhani utakuja mapema zaidi, mtu mwenye macho kama yako."

Kiswahili cha Waithira kilikuwa cha soko, na hasira ilikipunguza zaidi. "Wewe! Hii miaka yote unaniletea nguo, unakaa kwa benchi yangu, na unajua mimi ni nani?"

"Nilijua."

"Ulikuwa unanicheka."

"Nilikuwa nakulipa, tena bila kupunguza bei. Mtu anayecheka hupunguza bei kwanza." Mishi alimvutia kiti. "Chiku ameolewa Nanyuki, mtoto niko naye mimi. Nikasema, kama bibi yake hamtaki kwa uso, basi avae kazi ya mkono wake. Hakuna gauni la sikukuu hapa ambalo hukulishona wewe."

"Nani amesema simtaki? Mimi sikuambiwa!"

"Kingori aliambiwa. Sisi tukaambiwa na Kingori."

Waithira alitafuta mahali pengine pa kushika. "Na mbona ulikataa jina? Kila mtu anataka jina. Wewe ati maua tu."

"Ningesema udarizi Waithira, ungeniuliza Waithira gani. Ningejibu nini pale mbele ya muuza vitunguu?"

Msichana aliingia kutoka uani na mikono yenye unga, akasimama alipoona mgeni. Waithira alimkagua kama anavyokagua kitambaa kilicholetwa na mtu asiyemjua, kwa mwanga, kwa ukingo, kwa upande wa nyuma. Masikio yalikuwa yametokeza kama ya Theuri. Lakini masikio yaliyotokeza hayakuwa machache Nyeri.

"Unaitwa nani?"

"Mwanaisha."

Waithira alimgeukia Mishi. Mishi hakumkonyeza mtoto; Waithira alikuwa akimchunga kwa jicho la pembeni.

"Kila mtu anakuita Mwanaisha?"

"Mwalimu, na bibi, na mama." Mtoto alifikiri. "Baba hapana."

"Baba anakuita nani?"

Msichana alianza kucheka, akafunika mdomo kwa mkono wenye unga, akabaki na masharubu meupe. "Ananiita mama! Mtu mzima hivyo! Akija mlangoni anasema, mama, nimefika, una chakula? Na mimi si mama yake."

Hakuna mtu wa Majengo ambaye angefikiria kumfundisha mtoto jambo hilo. Mwanamume wa kwao Waithira humwita hivyo binti aliyebeba jina la mama yake, na humwita tangu siku ya kwanza, na hamwiti mtu mwingine. Kingori alikuwa na mtoto mwingine wa kike, na huyo hakuwahi kumwita hivyo. Waithira alikaa kwenye kiti alichokuwa amekikataa. Mishi alienda kuweka chai, akakawia huko jikoni makusudi.

"Njoo," Waithira alimwambia msichana. "Nataka kuona mabega. Hiyo gauni ya mwisho nilikata kwa kukisia."

Lilipovaliwa lilikuwa limebana kwapani. Alimwambia hivyo Mishi, kwa ukali, na Mishi akasema amekuwa akingoja mtu wa kumlalamikia.

Safari ya Murang'a aliifanya mwisho wa mwezi wa nane, na hakutanguliza salamu. Alikuwa amedarizi shali nyingine, flaneli mpya, na jina lililokuwa gumu kuliko yote aliyowahi kuyatia. Si kwa herufi zake. Mara mbili aliifumua B akidai uzi umevutika, na Kagure alikuwa na akili ya kutazama viazi.

Ngendo alimfungulia mlango mtoto akiwa begani. Hakusogea kumpisha. Alikitazama kifurushi kilichofungwa kwa gazeti kama mtu anavyotazama mbwa asiyemjua.

"Kingori yuko kazini," alisema.

"Najua. Nimekuja kwako."

"Hiyo ni nini?"

"Fungua."

"Fungua wewe, mama."

Waithira aliona kwamba haikuwa jeuri. Ngendo alikuwa akimshuku, kwa utulivu kabisa, na alikuwa na haki zote. Ilimshangaza jinsi ilivyo baridi kusimama upande huo wa mlango. Aliweka kiondo chini, akafumua kamba, akaikunjua shali juu ya mikono yake miwili, jina likiwa juu. KABURA, uzi wa buluu, na maua kulizunguka, mengi kama yale ya kwanza.

Ngendo alilisoma. Alinyoosha mkono mmoja akapindua kona, akaangalia upande wa nyuma, kama kuna kitu kimeshonewa huko. Hapakuwa na kitu.

"Nani amekuambia?"

"Niliambiwa na watu wawili, na mtoto. Wewe hukuniambia."

"Niliahidi."

"Najua. Nilikuona ukifunga mdomo nikadhani ni kiburi." Aliisogeza shali kwake. "Nimekosa kwako, Ngendo. Na kwa mama yako. Kwake nitaenda mwenyewe, usinipelekee."

Ngendo alimhamisha mtoto kutoka bega moja hadi lingine. Hakulia safari hii. Alikuwa na uso wa mtu aliyebeba debe la maji kwa muda mrefu akiwa hana mahali pa kulitua.

"Nitakupa umshike," alisema mwishoni, akirudi nyuma hatua moja kumpisha. "Lakini kwanza utakaa, na utanisikiliza mpaka nimalize. Nina maneno ya tangu mwezi wa saba."

Waithira aliingia, akakaa, akaiweka shali magotini.

"Sema yote," alisema. "Usiruke hata moja."

Ngendo akafunga mlango, akaanza.